Gharama ya Kumsomesha Tabibu: Hesabu ya Nyumba na Hesabu ya Nchi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapokwisha kutangazwa, huanza katika nyumba nyingi za milima ya Umatengo na za ufuko wa Ziwa Nyasa mazungumzo ambayo hayamo katika takwimu yoyote. Kijana amefaulu Bayolojia, Kemia na Fizikia. Alama zake si za kujivunia sana, lakini zamtosha kuomba nafasi katika chuo cha afya. Baba anataja kahawa iliyo ghalani. Mama anawataja wadogo wake wanaofuata. Kisha mjomba, ambaye aghalabu ndiye mwenye fedha taslimu, anauliza swali linalokata maneno: akimaliza, ataajiriwa lini?

Swali la mjomba ni swali la sayansi, ingawa halikuulizwa katika maabara. Lina gharama ndani yake, lina muda, na lina uwezekano. Na mambo hayo matatu yakishatajwa, mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne ana hisabati ya kutosha kulishughulikia. Ajabu ni kwamba mara nyingi hujibiwa kwa matumaini matupu au kwa woga mtupu. Mwenye matumaini husema kwamba wagonjwa hawaishi, hivyo tabibu hawezi kukosa kazi. Mwenye woga humtaja kijana wa jirani aliyehitimu miaka minne iliyopita na ambaye hadi leo anajitolea katika zahanati bila mshahara. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Mafunzo yanayozungumzwa hapa ni ya stashahada: utabibu, au uuguzi na ukunga. Huchukua miaka mitatu baada ya kidato cha nne, chini ya usimamizi wa baraza la taifa la elimu ya ufundi, NACTVET. Anayehitimu uuguzi hawezi kumgusa mgonjwa kwa haki ya kisheria mpaka awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mkoa wa Ruvuma hauko nyuma katika jambo hili. Songea kuna chuo cha matabibu, na Peramiho, ambako Wabenediktini walianza kazi mwaka 1898, kuna chuo cha uuguzi karibu na hospitali kubwa. Kutoka Mbinga hadi Songea ni takriban kilometa 100. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilometa 67 nyingine, za lami siku hizi. Kwa hiyo umbali si kizuizi kama ulivyokuwa zamani. Kizuizi ni fedha, na tena si ada peke yake.

Na ichukuliwe hesabu ya mfano. Tarakimu zifuatazo si za chuo chochote wala si mshahara wa mtu yeyote. Zimechaguliwa ili zigawanyike vizuri, na mwalimu anaweza kuziondoa na kuweka zile za mahali pake. Ada iwe Sh 1,500,000 kwa mwaka. Chakula, malazi, sare, vitabu, nauli, vifaa vya mazoezi na michango ya mitihani viwe Sh 1,200,000. Hizo ni Sh 2,700,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni Sh 8,100,000. Lakini kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi katika barua ya kujiunga. Kijana aliye chuoni hayuko shambani wala ziwani. Kama nguvu zake zingeiletea nyumba Sh 600,000 kwa mwaka, basi nyumba imepoteza Sh 1,800,000 zaidi. Jumla ni Sh 9,900,000. Wazazi wengi huisahau sehemu hii ya mwisho mpaka msimu wa kuchuma unapofika na mikono haitoshi.

Katika Mbinga hesabu haieleweki sawasawa mpaka igeuzwe kahawa. Ikiwa kilo ya kahawa kavu ya maganda huuzwa Sh 5,000, zile Sh 8,100,000 za taslimu ni kilo 1,620, yaani kilo 540 kila mwaka. Ikiwa kila mti hutoa nusu kilo, nyumba inahitaji miti 1,080 isiyofanya kazi nyingine yoyote isipokuwa kumsomesha mtu mmoja: isinunue mbolea, isiezeke nyumba, isilipe deni la chama cha msingi. Ufukoni, Liuli au Lituhi, mgeuzo huo hauwezekani hata kidogo, kwa kuwa usipa haungoji ghalani hadi siku ya ada. Fedha ya mvuvi huja kila siku na kwenda kila siku, na mwera ukivuma ziwani haiji kabisa. Watu wawili wenye pato sawa kwa mwaka, mmoja wa Litembo na mmoja wa Liuli, hawana uwezo sawa wa kulipa ada, maana mmoja hupata fungu lake kwa mkupuo na mwingine hulipata kidogo kidogo. Ratiba za vyuo huandikwa kana kwamba kila mzazi ni mtumishi mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi.

Sasa yatazamwe mavuno. Mhitimu akiajiriwa na kubaki na Sh 500,000 kwa mwezi baada ya makato, hupata Sh 6,000,000 kwa mwaka. Ukiondoa zile 600,000 ambazo angezipata hata bila chuo, faida halisi ni Sh 5,400,000. Gawanya 9,900,000 kwa 5,400,000: gharama yote inarudi katika mwaka mmoja na miezi kumi. Akitumikia miaka thelathini, faida ni Sh 162,000,000. Mche wa kahawa nao hukaa takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, sawa na stashahada, lakini hakuna mche unaolipa namna hiyo. Mjomba angekuwa na sababu gani ya kusita?

Sababu yake ni muda wa kungoja. Tuseme mhitimu huyo akakaa miaka mitatu akijitolea kwa posho inayomtosha chakula tu. Gharama inapanda hadi Sh 11,700,000, na hairudi mpaka miaka miwili na miezi miwili baada ya kuajiriwa. Ikihesabiwa tangu siku aliyoingia chuoni, ni zaidi ya miaka minane. Katika miaka hiyo mdogo wake mmoja au wawili watakuwa wamemaliza kidato cha nne nao na kukuta ghala tupu. Na kama fedha zilikopwa, hali hubadilika kabisa. Deni la Sh 1,000,000 lenye riba ya asilimia 20 kwa mwaka, riba ikizaa riba, baada ya miaka sita huwa Sh 2,985,984. Deni halijui kwamba mkopaji bado anangoja tangazo la ajira.

Hata hivyo mtu wa takwimu atasema kwamba bado chuo kina faida. Hata kama nusu tu ya wahitimu huajiriwa, atasema, wastani wa faida ni nusu ya Sh 162,000,000, yaani Sh 81,000,000, na hakuna shamba la gharama ya Sh 9,900,000 linalotoa wastani huo. Hesabu yake haina kosa. Kosa liko katika neno wastani, na ndilo neno ambalo mwalimu wa hisabati angefanya vyema kulikalia kipindi kizima.

Wastani haupokelewi na nyumba yoyote. Mkulima wa Umatengo analijua jambo hili kwa mikono yake. Hapandi mti mmoja wa kahawa. Hupanda mia kadhaa, kwa sababu anajua kwamba baadhi watakauka, baadhi wataliwa na wadudu, na waliobaki watamlisha. Mwenye miti mingi anaweza kuishi kwa wastani. Lakini mtoto chuoni ni mti mmoja. Ukizaa, nyumba imeinuka. Ukikauka, fedha zote za miaka mitatu zimekauka nao, na hakuna mti wa pili wa kufidia. Mjomba hakatai kwa sababu hajui hesabu. Anasita kwa sababu anaombwa aweke mali ya nyumba yote juu ya mti mmoja.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa sarafu. Kichwa kiwe ni kuajiriwa, nyuma iwe ni kukosa. Mwanafunzi mmoja akirusha sarafu mara moja, hawezi kusema lolote la hakika: ama amepata, ama amekosa. Lakini darasa likirusha sarafu 100, karibu mara 95 katika kila majaribio 100 vichwa vitakuwa kati ya 40 na 60. Sarafu ni zilezile, uwezekano ni uleule. Kilichobadilika ni idadi. Anayebeba sarafu moja anacheza kamari. Anayebeba sarafu mia anapanga bajeti. Halmashauri ya wilaya ikiwasomesha vijana 100 chini ya uwezekano huo, inajua mapema kwamba itapata watumishi kati ya 40 na 60. Jozi 100 za wazazi zikiwasomesha vijana haohao, kila jozi hulala bila usingizi, na wachache kati yao hufilisika. Gharama ya taifa ni ileile kwa njia zote mbili. Tofauti ni nani anayelala bila usingizi.

Yafaa kuongeza tahadhari ambayo mwanafunzi makini ataiona mwenyewe. Sarafu hazitegemeani, moja haiangalii nyingine imeangukaje. Wahitimu hutegemeana. Serikali inaposimamisha ajira, kama ilivyotokea mwaka 1993 na tena mwaka 2016, wote hukosa kwa pamoja, mfano wa chule buni inapoingia bondeni na kuharibu miti ya kila mkulima. Dhidi ya chule buni watafiti wa kahawa, ambao wana kituo chao Ugano katika wilaya ya Mbinga, wamezalisha aina za miche inayostahimili ugonjwa. Dhidi ya kusimamishwa kwa ajira mzazi hana mche wa kupanda. Lakini hapo hoja ya kuihamisha gharama inazidi kupata nguvu, kwa kuwa ugonjwa huu hauji na ukungu wala mvua. Unatoka katika ofisi, na ni haki kwamba mwenye kuusababisha awe na sehemu katika hasara yake.

Hadi hapa yamezungumzwa ya nyumba tu. Kuna daftari la pili, ambalo nyumba hailioni na halmashauri huliona nusunusu: faida ya kijiji. Mtoto mwenye homa akifika zahanati yenye mtumishi aliyefunzwa, kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu katika muda wa kama robo saa, na dawa mseto huanza siku hiyohiyo. Ufuko wa Nyasa ni tambarare ya joto, chini sana kuliko milima ya Mbinga yenye baridi, na malaria yake si ya mzaha. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa ndani ya saa mbili. Sindano ya oksitosini ingemwokoa, lakini dawa hiyo yataka kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na yataka mtu anayejua aichome lini na kiasi gani. Kifafa cha mimba nacho hutulizwa kwa sindano ya magnesiamu salfeti mikononi mwa anayejua. Jokofu na sindano bila mtu huyo ni samani. Kijiji cha ufukoni ambacho mgonjwa wake hutolewa kwa mtumbwi wakati wa mwera hakihitaji kuelezwa thamani ya saa mbili.

Wenyeji wa ufuko huu walionja zamani maana ya tiba inayokuja na kuondoka. Mwaka 1901 misheni ya Waanglikana ya UMCA ilishusha majini meli iliyoitwa Chauncy Maples, iliyozunguka vituo vya ziwa ikiwa ni kanisa, shule na zahanati kwa pamoja. Ilikuwa huduma kubwa kwa wakati wake. Hata hivyo ugonjwa haufuati ratiba ya meli, na ndiyo sababu tiba ilihitaji mahali pa kukaa nchi kavu: Liuli hospitali ya Mtakatifu Anna, na juu milimani hospitali ya Litembo. Zahanati ya kijiji ni hatua ya mwisho ya safari hiyohiyo, nayo husimama au huanguka kwa kutegemea mtu mmoja au wawili wenye stashahada.

Wapo wanaodhani kwamba mafunzo ya miaka mitatu ni ya kuziba pengo tu, mpaka siku madaktari wa chuo kikuu watakapotosha. Ushahidi hauungi mkono dharau hiyo. Kwa miaka mingi Tanzania iliwachukua matabibu wenye uzoefu, ikawaongezea miaka miwili ya masomo, na kuwafanya madaktari wasaidizi wenye ruhusa ya kupasua. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ambao Dakta Godfrey Mbaruku alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Uliwalinganisha madaktari wasaidizi na madaktari kamili katika upasuaji wa dharura wa uzazi, na haukuona tofauti ya maana katika hali ya akina mama na watoto wachanga. Wala jambo hili si la nchi maskini peke yake. Marekani, mwaka 1951, Mildred Montag aliandika tasnifu akipendekeza kwamba wauguzi wafunzwe kwa miaka miwili katika vyuo vya jamii, vyuo vya karibu na nyumbani na vya ada nafuu. Majaribio yalianza mwaka uliofuata. Hadi leo wahitimu wa vyuo hivyo hufanya mtihani uleule wa leseni wanaoufanya wenye shahada.

Ikiwa faida ya kijiji ni kubwa hivyo, nani alipe? Tanzania ilikwisha kulijibu swali hili mara moja. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa tangu mwanzo wa miaka ya 1970, fedha za afya zilielekezwa vijijini. Vituo vya afya vilivyokuwa chini ya 100 mwanzoni mwa muongo huo vilipita 200 ilipofika 1980, na waganga wasaidizi wa kuviendesha walifunzwa kwa gharama ya umma, wakapangiwa vituo na Wizara. Mfumo huo haukuwa pepo. Dawa zilikosekana, mishahara ilikuwa midogo, na wengi walipelekwa mahali ambapo hawakupataka. Lakini mzazi wa Mbinga hakuuza kahawa ya miaka mitatu ili nchi ipate mganga. Katika miaka ya 1990 uchumi ulipobana, uchangiaji wa gharama uliingia hospitalini na vyuoni, na hesabu ya nchi ikageuka kidogo kidogo kuwa hesabu ya nyumba.

Mwalimu Nyerere, katika miaka ya 1960, aliwafananisha wasomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na chakula kwa wenzake, asiporudi, amewasaliti. Mfano huo bado hutajwa mbele ya wahitimu wa vyuo vya afya wanaokataa kwenda pembezoni. Wanaoutaja husahau sharti lake. Katika mfano ule chakula kilitolewa na kijiji kizima. Mhitimu wa leo aliyelishwa na nyumba moja, kwa miti 1,080 ya baba yake, ana deni la haki kwa baba yake. Kijiji kinamdai nini? Akipata kazi katika hospitali ya mjini yenye mshahara mzuri zaidi, au akivuka mpaka, hajamsaliti mtu. Anayetaka mtumishi arudi ufukoni hana budi kwanza kuwa miongoni mwa waliompa chakula.

Mnamo 2023 nchi ilipiga hatua mbili zinazohusu shauri hili. Ilipitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na katika mwaka wa masomo wa 2023/2024 Bodi ya Mikopo, ambayo hapo awali iliwahudumia wanafunzi wa elimu ya juu, ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Ya pili ni msaada wa kweli. Mkopo unaokatwa katika mshahara ni bora kuliko shamba lililowekwa rehani, maana makato hungoja mshahara na rehani haingoji. Lakini mkopo bado ni sarafu ya mtu mmoja. Ya kwanza ndiyo yenye fundisho kubwa, kwa kuwa msingi wa bima ni hesabu ileile ya sarafu mia: wengi hutoa kidogo ili asiyebahatika asizame peke yake. Nchi imekubali kugawana hatari ya kuugua. Haijakubali bado kugawana hatari ya kumfunza mtu atakayewatibu wanaougua, ingawa bila mtu huyo kadi ya bima ni karatasi.

Pendekezo linalotokana na hesabu hii si la ajabu. Halmashauri za Mbinga na Nyasa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Nyasa ilipomegwa mwaka 2012, zinaweza kila mwaka kuwachagua vijana kutoka kata ambazo zahanati zake hazina watumishi, kuwalipia gharama zote, na kuwafunga kwa mkataba wa kutumikia kata hizo kwa miaka kadhaa. Vyama vya msingi vya ushirika wa kahawa vinaweza kuchangia, kwa kuwa wanachama wake ndio watakaotibiwa. Sharti moja haliwezi kuachwa: mkataba ufunge pande zote mbili. Halmashauri inayomdai kijana miaka mitano ya utumishi iwe imejifunga kumpa nafasi ya kazi siku anapopata leseni, pamoja na nyumba ya kukaa. Vinginevyo itakuwa imeihamisha hatari kwa jina tu.

Patakuwa na pingamizi kwamba mikataba huvunjwa. Huvunjwa, hasa mahali ambapo mtumishi hana nyumba, hana maji, wala hana mwenzake wa kupokezana naye usiku. Lakini hata wakitoroka watatu katika kumi, waliobaki ni saba. Na mzaliwa wa Chiwanda au Lituhi, ambaye lugha ya wagonjwa ni lugha ya mama yake, ana sababu nyingi za kubaki kuliko mgeni aliyepangiwa ufuko huo akiwa hajawahi kuuona. Pingamizi zito zaidi ni kwamba halmashauri hazina fedha. Hilo ni kweli kwa kiasi. Ila fedha hizo tayari zinatolewa na watu wa wilaya hizohizo, ghala moja moja, kwa njia iliyo ghali kuliko zote.

Mpaka hayo yatendeke, nyumba italazimika kuendelea kujihesabia. Inayofanya hivyo isiangalie ada peke yake. Iulize kama chuo kimesajiliwa na NACTVET na kama jina la fani limo katika usajili huo. Iulize hospitali ambamo wanafunzi hufanyia mazoezi, maana chuo kisicho na wodi karibu hufundisha uuguzi kwa ubao. Iulize waliohitimu mwaka juzi wako wapi. Na isidhani kwamba ajira ya serikali ndiyo mlango pekee. Maduka ya dawa muhimu, ambayo sasa yameenea nchini, yalianza kwa majaribio katika mkoa huuhuu wa Ruvuma mwaka 2003, yakiendeshwa na wauzaji waliopewa mafunzo mafupi. Mhitimu anayengoja akifanya kazi kihalali katika duka la namna hiyo, miaka yake mitatu ya kungoja haiandikwi tena sifuri.

Kuna gharama moja ambayo mzazi hawezi kuilipa hata akiuza shamba. Chuo cha afya hudai ufaulu wa Bayolojia, Kemia na Fizikia, na shule nyingi za pembezoni hufundisha masomo hayo bila maabara ya kutosha, mara nyingine bila mwalimu wa Fizikia kwa muhula mzima. Msichana wa Mbamba Bay aliyeichukia Kemia katika kidato cha pili kwa sababu hakuwahi kuona kemikali ikibadilika rangi amekwisha kutolewa katika hesabu yote ya makala haya, kabla baba yake hajafungua ghala na kabla mjomba hajauliza swali lake. Mwalimu wake, mwenye chupa tatu za kemikali na darasa la wanafunzi sabini, ndiye anayeamua kwa sasa nani atakuwa mkunga wa ufuko huo miaka kumi ijayo.